PSA ya baba ni 11.4 na mashine inasema hana zinki: tuamini lipi?

*"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 67, mstaafu wa reli, tunakaa Ng'ambo hapa Tabora mjini. Mwezi uliopita mkojo ulimziba usiku, tukamkimbiza hospitali, akawekewa mpira. Siku ya nne akiwa na mpira alipimwa damu kile kipimo cha tezi dume, PSA, ikaja 11.4. Daktari akasema arudi baada ya wiki sita arudie kipimo. Kabla hata wiki mbili hazijaisha wakaja mtaani vijana na mashine ya kupima mwili mzima, unashika kijiti mkononi dakika moja. Ikatoa karatasi: zinki ya tezi dume iko chini sana, umetaboli wa seli umevurugika, dalili za awali za kansa. Wakatuuzia vidonge vya zinki na vya mbegu za maboga, shilingi 280,000 dozi ya miezi mitatu. Binamu yangu aliyeko nje naye katuma makala inayosema siku hizi saratani ya tezi dume inaonekana kwenye mkojo kwa kupima kemikali zinazotoka kwenye seli, kwa hiyo kupimwa kwa kidole njia ya haja kubwa na kukatwa kinyama cha tezi kikapimwe vimepitwa na wakati. Anataka tutume mkojo India. Mzee kafurahi kweli, maana kidole hakitaki hata kukisikia. Na asali kaacha, kaambiwa sukari ndiyo chakula cha kansa. Tuamini lipi? Na mimi mwenye miaka 41 nipime nini?"*

Marahaba, mdogo wangu. Mpe mzee pole ya usiku ule. Mkojo ukiziba, hata mwanamume jasiri hulia.

Umeuliza mengi kwa mpigo, lakini nikiyachuja nabaki na swali moja: je, ipo njia ya kujua kinachoendelea ndani ya tezi ya baba yako kwa damu au mkojo tu, pasipo kidole wala sindano? Bado haipo. Makala ya binamu yako ina sayansi ya kweli, ila mwandishi wake kairukisha hatua nyingi mbele ya mahali ilipo. Karatasi ya wale vijana haina sayansi yoyote. Na daktari aliyewaambia msubiri wiki sita hakuwa mvivu. Kati ya wote hao, yeye ndiye aliyepiga hesabu sawasawa. Mimi ni daktari wa maabara. Miaka yangu yote ya kazi nimeishi na chupa za damu na vikopo vya mkojo, kwa hiyo kama yupo mtu ambaye angefurahi kuwaambieni mkojo unatosha, ni mimi.

Tuanze na neno lenyewe. Mtaani tunasema "fulani ana tezi dume" kana kwamba tumetaja ugonjwa. Tezi dume kila mwanamume anayo, imekaa chini ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake. Umri ukienda inatanuka, na kutanuka huko, ambako si saratani, ndiko mara nyingi kunakobana njia mpaka mkojo ukaziba. Saratani kwa kawaida huanzia sehemu ya nje ya tezi, upande wa nyuma unaopakana na njia ya haja kubwa, mbali na mrija wa mkojo. Ndiyo maana inaweza kukaa miaka bila kumsumbua mtu. Kuziba mkojo, basi, hakumaanishi mzee ana saratani. Na yule jirani anayejisifu kwamba anakojoa kama kijana asidhani amepewa cheti.

Sasa ile mashine. Mwaka juzi ilikuja karibu na kazini kwetu, nikapanga foleni kama wengine. Kijana aliniuliza jina, umri na jinsia kabla hata ya kunipa kijiti. Nikapata karatasi yangu. Baada ya nusu saa nikarudi kwa mwenzake, nikamwomba aandike kwamba mimi ni mwanamke wa miaka 30, nikamwambia tuna ubishi na wenzangu ofisini. Nikashika kijiti kilekile kwa mkono uleule. Karatasi ya pili ilinieleza kwa kirefu hali ya mfuko wangu wa uzazi. Zinki ya tezi dume haisomeki kwenye kiganja. Ukitaka kuijua lazima upate kipande cha tezi yenyewe au majimaji yake, na hata zinki ya kwenye damu haikwambii iliyomo ndani ya tezi ni kiasi gani.

Cha ajabu ni kwamba aliyetunga programu ile alisikia kitu cha kweli mahali fulani. Habari ya zinki na tezi dume ipo, tena ni mojawapo ya mambo yanayonifurahisha zaidi katika biokemia, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Umetaboli ni namna seli inavyokula, inavyopata nguvu na inavyotoa mabaki. Chakula kikishavunjwavunjwa kinaingia kwenye mitokondria, ambazo ni matanuri ya seli, na humo hatua ya kwanza ni kutengenezwa sitrati, asidi ileile inayoipa ndimu ukali wake. Kwa seli nyingi sitrati haikai, inachomwa papo hapo ili ipatikane nguvu. Seli ya tezi dume ina tabia yake peke yake. Ni kama mrina asali wa Sikonge anayeshusha mizinga, anakamua masega na kujaza ndoo, lakini yeye mwenyewe haonji hata kidole. Mzigo wote ni wa sokoni. Soko lenyewe ni majimaji yanayoingia kwenye shahawa, ambayo yana sitrati nyingi kupita kiasi. Kinachomzuia mrina asionje ni kufuli, na kufuli hilo ni zinki. Seli hizi huvuta zinki kutoka kwenye damu na kuirundika ndani yake mara kadhaa zaidi ya viungo vingine laini vya mwili. Zinki hiyo inakibana kimeng'enya kiitwacho akonitasi, ambacho ndicho kingeanza kuichoma sitrati.

Seli ikigeuka kuwa saratani, milango yake ya kuingizia zinki inafungwa. Zinki inaisha ndani, kufuli linafunguka, na mrina anakaa chini ya mti anakula asali yake mwenyewe. Sitrati inashuka. Wakati huohuo seli inajengajenga kuta mpya kwa sababu inazaana, kwa hiyo kolini, ambayo ni malighafi ya kuta hizo, inapanda. Haya yalifafanuliwa kwa miongo kadhaa na Leslie Costello na Renty Franklin wa Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani. Ipo hata namna ya kuyaona bila kukata: mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ikiwekwa kwa utaratibu maalumu inaweza kupima sitrati na kolini ndani ya tezi ya mtu aliye hai, amelala pale mezani. Kolini juu, sitrati chini, pana mashaka.

Unaona basi kwa nini watu wanasisimka. Lakini tezi iliyopata maambukizi nayo hupungukiwa sitrati. Uvimbe mdogo unazungukwa na seli nzima zinazoficha habari zake. Picha yenyewe inachukua muda na inahitaji wataalamu waliobobea. Toleo la pili la PI-RADS, mwongozo wa kimataifa wa kusoma MRI ya tezi dume, lilikiacha kipimo hicho nje ya alama zake, ingawa toleo la kwanza lilikuwa nacho. Hakikuwa cha uongo. Hakikuongeza cha kutosha juu ya MRI ya kawaida.

Hapo ndipo muuza vidonge anapoingilia: kama zinki imepungua, si tuongeze? Mantiki yake inavutia, ila imekaa kichwa chini miguu juu. Zinki haikupungua ndani ya seli ya saratani kwa sababu damu haina zinki. Ilipungua kwa sababu mlango umefungwa, na ukirundika magunia nje ya mlango uliofungwa hujamlisha aliye ndani. Isitoshe, mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya kufuatilia wanaume karibu 47,000 huko Marekani. Waliokuwa wakimeza zaidi ya miligramu 100 za zinki kwa siku walionekana kupata saratani iliyokomaa ya tezi dume zaidi ya mara mbili ya wasiomeza. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba zinki ndiyo iliyosababisha, lakini mimi ungenitosha nisitoe shilingi 280,000. Vitamini E nayo iliwahi kusifiwa hivyohivyo, mpaka jaribio kubwa la SELECT, lenye wanaume zaidi ya 35,000, likaonyesha mwaka 2011 kwamba waliomeza vitamini hiyo walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Zinki ina kazi yake ya heshima: mtoto anayeharisha hupewa kwa siku kumi hadi kumi na nne, na inaokoa maisha. Mbegu za maboga zilizokaangwa na chumvi kidogo ni kitafunwa kizuri, mzee aendelee kutafuna. Hivyo vidonge achaneni navyo, na makopo yake mumpelekee daktari ayaone.

Asali mrudishieni. Kumnyima mzee asali hapa Tabora ni kumwadhibu bila kesi. Ni kweli saratani nyingi hula sukari kwa pupa, na kipimo cha PET cha kawaida kinatumia ulafi huo: mgonjwa anadungwa sukari yenye mionzi, kisha mashine inaangalia imejikusanya wapi. Saratani ya tezi dume katika hatua zake za mwanzo ndiyo maarufu kwa kutoitikia kipimo hicho, kwa sababu haili sukari kwa kiasi hicho. Inapendelea kuchoma mafuta na ile sitrati niliyokueleza. Ulafi wa sukari mara nyingi huja baadaye, ugonjwa ukiwa umechacha. (Usije tena ukamnyima mawese kwa sababu nimetaja mafuta. Mwili hutengeneza sukari na mafuta yake wenyewe, seli ya saratani haisubiri sahani.) Kama mzee ana kisukari, hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Tuje kwenye mkojo wa binamu. Nadhani najua makala yake ilianzia wapi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha kazi kubwa: walichukua sampuli 262 za nyama ya tezi, damu na mkojo, wakapima humo kemikali 1,126 za umetaboli, wakaona moja iitwayo sakosini inapanda kadiri saratani inavyokuwa kali. Ilipanda hata kwenye mkojo. Dunia ikalipuka kwa shangwe; kikopo cha mkojo kingechukua nafasi ya sindano. Halafu maabara nyingine zikarudia, na kadhaa zikakuta sakosini ya wagonjwa na ya wazima inaingiliana kiasi kwamba huwezi kumtenga huyu na yule. Hakuna aliyedanganya. Sakosini haitoki kwenye saratani peke yake, mwili mzima unayo. Ina fomula moja ya kikemia na alanini, kemikali iliyojaa mwilini, hivyo kipimo kisipokuwa makini kinaweza kuzichanganya. Na tofauti inayoonekana wazi ukilinganisha wastani wa wagonjwa mia na wastani wa wazima mia inaweza isikusaidie lolote kwa mzee mmoja aliyeketi mbele yako. Habari za magazeti mara nyingi hukomea kwenye ule wastani.

Vipo vipimo vya mkojo na damu vilivyokomaa zaidi ya sakosini, vinavyotumika nchi za nje kuamua nani akatwe kinyama na nani asubiri. Vingi vinapima chembe za urithi au protini, si umetaboli, na hata hivyo vyote huja *kabla* ya kukata kinyama, vikisaidia kuamua. Hakuna kinachochukua nafasi ya kinyama chenyewe.

Na kuna safari. Hili siwezi kuliruka, maana ndilo linaloniumiza kichwa kila wiki. Kemikali za umetaboli ni kama samaki: ukichelewa zinaoza. Kikopo cha mkojo kikikaa juani stendi saa tatu, bakteria waliomo wanaanza kula, sitrati inaliwa, sukari inaliwa, vinazaliwa vitu vingine ambavyo mgonjwa hakuwa navyo. Damu ndivyo hivyo. Niliwahi kuletewa chupa iliyosafiri kwenye bodaboda barabara ya vumbi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kutundikwa kwenye usukani. Nilipoizungusha kwenye mashine, maji ya juu ambayo yanapaswa kuwa na rangi ya majani makavu yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela. Chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka njiani. Kipimo cha LDH, kimeng'enya kinachomwagika seli zinapopasuka, kwenye damu hiyo kingekuja juu sana, na mgonjwa angeambiwa ana jambo baya kumbe jambo baya lilikuwa barabara. Sampuli za utafiti hugandishwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mkojo wa mzee kutoka Ng'ambo hadi India bila baridi hiyo utapata majibu, ndiyo, lakini yatakuwa majibu ya safari.

Sasa turudi kwenye namba mliyo nayo, maana ndiyo ya kufanyia kazi. PSA ni protini ambayo tezi dume hutengeneza ili kuyeyusha shahawa iliyoganda. Inatengenezwa na seli nzima na za saratani vilevile. Inapoonekana nyingi kwenye damu maana yake ni kwamba kuta za tezi zinavuja, na kuvuja kuna sababu nyingi: saratani, kutanuka, maambukizi, mkojo kuziba ghafla, kupitishiwa mpira, kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla ya kipimo. Baba yako alikuwa na mbili za hakika, mkojo uliziba na mpira ukaingia. Kumpima siku ya nne ni kama kupima kina cha kisima mvua ikiwa bado inanyesha. PSA hupungua kwa nusu kila siku mbili tatu chanzo kikiondoka, lakini tezi yenyewe inahitaji wiki kadhaa kutulia, ndipo zikaja zile wiki sita. Kama alikutwa na maambukizi ya mkojo, hizo wiki zihesabiwe baada ya kutibiwa. Na kama bado yuko na mpira, muulizeni daktari kama kipimo kisubiri mpaka utolewe. Arudie kwenye maabara ileile, maana mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba mbili kwa damu moja.

Sitaki uondoke ukidhani nimekwambia si kitu. PSA ikibaki juu ya 10 baada ya mambo kutulia, uwezekano wa kukuta saratani kinyama kikikatwa unazidi nusu. Kati ya 4 na 10 ni kama mmoja kati ya wanne. Na upande wa pili, namba ndogo nayo haiapi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wanaume ambao PSA yao haikuzidi 4 walikatwa vinyama, na asilimia 15 walikutwa na saratani. Ndiyo sababu hatusomi namba peke yake. Mwombeni daktari apime ukubwa wa tezi kwa ultrasaundi. Tuseme ana mililita 90: 11.4 ukigawa kwa 90 unapata 0.13. Tuseme ana 40: unapata 0.29. Mstari tunaoutazama ni 0.15. Tezi kubwa ina haki ya kutoa PSA nyingi. Tezi ndogo inayotoa nyingi inatia shaka. Na kama amepewa finasteride kwa ajili ya kutanuka, mkumbusheni kila daktari atakayemwona, kwa sababu dawa hiyo hushusha PSA karibu nusu ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili, na namba inayoonekana nzuri inaweza kuwa mbaya iliyofunikwa.

Kidole, basi. Najua utani wake; nimeusikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, hata bungeni wameutania. Mwambie mzee kwamba kinachukua sekunde kama kumi, glavu na mafuta, na daktari anatafuta kitu kimoja: kama sehemu ya nyuma ya tezi, ile niliyosema saratani hupenda kuanzia, ina uvimbe mgumu kama fundo la ubao. Zipo saratani ambazo PSA yake iko chini na kidole ndicho kilichozikuta. Lakini nitasema na upande wa mzee: kidole peke yake hukosa nyingi, na mwanamume akikikataa kabisa ni afadhali apime PSA kuliko kutopima chochote. Asitumie kidole kama sababu ya kukimbia damu.

Kukata kinyama ndiko kunakotoa hukumu. Sindano nyembamba huchukua vipande kama kumi na viwili, mwenzangu wa patholojia anaviangalia kwenye hadubini na kutoa alama ya ukali wake. Kuna maumivu, kuna damu kwenye mkojo kwa siku chache na kwenye shahawa kwa muda mrefu zaidi, na kuna hatari ya maambukizi, hivyo homa baada ya hapo hairuhusiwi kulala nyumbani. Faida yake ni kwamba si kila saratani inayokutwa inatibiwa. Zile za alama ya chini, kwa mtu wa miaka 67, mara nyingi zinasubiriwa kwa kufuatiliwa, na watu wanakufa uzeeni kwa mambo mengine. Huwezi kupewa nafuu hiyo bila kinyama.

Ikitokea ni saratani na imesambaa, hapo ndipo viashiria vya umetaboli vinapata kazi ya kweli, na habari njema ni kwamba havihitaji India. Tena ni vya zamani kuliko PSA. Mwaka 1938 Gutman na mkewe kule New York walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho asidi fosfatasi hupanda kwenye damu ya wanaume ambao saratani ya tezi dume imefika mifupani. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wakakitumia kimeng'enya hichohicho kuonyesha kwamba ukizima homoni ya kiume, kwa kuondoa korodani au kwa kutoa estrojeni, ugonjwa unarudi nyuma. Huggins alipata Nobeli mwaka 1966. Kipimo kile kimepitwa na PSA (na afadhali, maana kilikuwa kinaharibika chupani ndani ya saa chache), lakini wenzake wawili bado tunawatumia kila siku. ALP hupanda mifupa inapojengwa ovyo kuzunguka saratani. LDH hupanda seli zinapochoma sukari kwa haraka na kufa kwa wingi. Ikiwa juu kwa mgonjwa wa muda mrefu, daktari anajua ugonjwa umebadili mwendo hata kama PSA haijasema.

Vyote viwili vina mitego ya kwetu. ALP inatoka pia kwenye ini. Na wiki za mwanzo za matibabu inaweza kupanda kwa sababu mifupa inapona, si kwa sababu dawa imeshindwa. Nimeona familia ikiacha sindano za matibabu kwa kuisoma karatasi hiyo peke yao. LDH inapandishwa na malaria, na inapandishwa na damu iliyopasuka njiani kama ile ya bodaboda. Mzee akipimwa LDH akiwa na homa, karatasi hiyo iwekwe pembeni, arudie akipona.

Halafu kuna umetaboli ambao hakuna anayewauzia vidonge vyake. Sindano za kuzima homoni hupunguza misuli, huongeza kitambi, hupandisha sukari na lehemu, na kudhoofisha mifupa. Kwa mgonjwa aliye kwenye sindano hizo ningetaka kuona sukari yake, shinikizo la damu na uzito wake kila anapokuja kliniki kuliko kuona kemikali kumi ngeni za mkojo. Hapo ndipo asali itapunguzwa kidogo na mzee atembee kila siku, kutoka Ng'ambo hadi stesheni akawasalimu wenzake na kurudi.

Picha za PET za kisasa zinazotumia kolini au zinazoifuata PSMA, ambayo nayo ni kimeng'enya kilichojaa juu ya seli za saratani hii, zina kazi yake kubwa kwa ugonjwa uliorudi baada ya matibabu. Kwa mzee ambaye bado hajarudia hata PSA hazina nafasi.

Kwa hatua alipo, hospitali yetu ya Kitete inatosha: kidole, ultrasaundi, PSA, kipimo cha mkojo, na kreatinini, kwa sababu mkojo uliorudi nyuma unaweza kuumiza figo. Ikibidi kwenda mbele, njia ni hospitali ya Bugando Mwanza au taasisi ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam kwa rufaa, na mzee wa reli hawezi kukosa pa kupanda. Msisubiri wiki sita kama atapata homa na baridi akiwa na mpira, kama mkojo utaziba tena au utatoka na mabonge ya damu, au kama mgongo utaanza kumuuma huku miguu inakosa nguvu au kufa ganzi. Hilo la mgongo ni la siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Uti wa mgongo ukibanwa, kila saa inayopita inampunguzia nafasi ya kutembea tena. Mkojo wenye damu bila mpira unaweza pia kuwa kichocho, ambacho huku kwetu kipo na kina dawa, kwa hiyo nao upimwe.

Wewe wa miaka 41 huna cha kukimbilia leo. Wanaume weusi tuna hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu, na wengi tunawashauri waanze kuzungumza na daktari kuhusu PSA wakifika 45. Baba akithibitika kuwa nayo, hatari yako inakuwa kama mara mbili ya mwingine, na hapo nenda mwaka huohuo. Ukienda, usiwe umekutana na mama watoto siku mbili kabla, usiwe na homa wala maumivu ya kukojoa, na karatasi yako ya kwanza itunze. Miaka mitano baadaye itakuwa na thamani kuliko mpya.

Ya mzee nayo ianzieni daftari sasa: tarehe, maabara, namba, alikuwa na mpira au hakuwa nao. Mstari wa kwanza tayari mnao, 11.4, na mbele yake andikeni "siku ya nne ya mpira". Mpeni mzee salamu yangu: mwangaluka.